Kupanda Arthur's Seat kwa mara ya kwanza: mwongozo kwa mwanafunzi mgeni Edinburgh

Ukisimama kwenye daraja la North Bridge, hatua chache kutoka stesheni ya Waverley, ukatazama upande wa mashariki, utaona kilima chenye umbo la simba aliyelala huku kainua kichwa. Kichwa hicho ndicho Arthur's Seat, mita 251 juu ya usawa wa bahari, ndani kabisa ya jiji. Hakuna lango, hakuna tiketi, hakuna saa ya kufungua wala kufunga. Kwa mwanafunzi ambaye bado anahesabu pauni zake moja moja, hii ndiyo safari bora ya kuanzia Edinburgh. Unatoka bwenini kwa miguu, na ukifika juu mji utakaoishi unaenea wote mbele yako kama mkeka.

Udogo wa kilima ndio unaowaponza watu. Aliyekulia Lushoto au Njombe akisikia mita 251 anaona kichuguu. Anavaa raba za kwendea darasani, anaondoka alasiri jua likiwa limeshainama. Arthur's Seat haimshindi mtu kwa urefu. Humshinda kwa upepo, kwa giza linaloingia mapema, na zaidi ya yote kwa upande anaochagua kushukia. Hayo ndiyo tutakayokaa nayo zaidi.

Kuchagua siku na saa

Anza na mwanga. Mtu aliyezoea jua kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima huwa hana mazoea ya kuuliza giza litaingia saa ngapi. Edinburgh lazima uulize. Katikati ya Septemba, wageni wengi wanapofika, jua huzama karibu saa moja na nusu jioni, na hilo linakudanganya kwamba una muda. Kisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma kwa saa nzima: Jumamosi jua limezama karibu saa kumi na moja na dakika 45, kesho yake linazama karibu saa kumi na dakika 40. Kufikia wiki ya tatu ya Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na dakika 40 asubuhi na kuzama karibu saa tisa na dakika 40 alasiri (simu itakuandikia 15:40). Juni mambo hugeuka, jua likazama karibu saa nne usiku.

Safari nzima tunayoieleza hapa, kupanda, kupumzika juu na kushuka mpaka barabarani, huchukua saa mbili hadi mbili na nusu kwa mtu asiye na haraka. Kwa hiyo anza kupanda ukiwa na saa tatu kamili kabla ya jua kuzama. Kilimani hakuna taa hata moja. Taa za mji unazoziona chini hazikuangazii jiwe lililo mbele ya mguu wako. Zinakutia moyo wa bure tu.

Halafu upepo. Kilima hiki kimesimama peke yake, na upepo wa kutoka magharibi hukifikia bila kizuizi cha maana. Hewa ikikutana nacho hubanwa ipite juu na kandokando, na hewa iliyobanwa hukimbia. Ndiyo maana unaweza kutoka Holyrood, eneo lililo chini ya kilima, nywele zimetulia, ukafika kileleni ukashindwa kusimama wima. Fungua utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, wa siku hiyo, usiishie kwenye mchoro wa jua na wingu. Shuka mpaka kwenye mstari wa upepo wa ghafla, unaoandikwa gust. Kasi huandikwa kwa maili kwa saa, na maili moja ni kilomita 1.6. Chini ya maili 20, panda bila wasiwasi. Kati ya 20 na 35 panda, ila ukifika juu kaa chini, usisimame kwenye miamba ya ukingoni. Ikizidi 35, ahirisha. Kilima hakihami.

Baridi ya kule juu nayo chanzo chake ni upepo, kwani kwa urefu pekee joto hupungua kwa nyuzi moja na nusu hivi tu. Joto la nyuzi 5, likipigwa na upepo wa maili 25 kwa saa, mwili huliona kama nyuzi 1 chini ya sifuri. Jasho ulilotoka ukipanda hugeuka barafu mgongoni dakika tano baada ya kusimama.

Jambo la tatu wengi hawalifikirii: mvua ya jana. Mvua ya leo unaiona na unavaa koti. Mvua ya jana huioni mpaka uteleze kwenye matope yaliyojificha chini ya nyasi fupi. Kama jana ilinyesha kutwa, pita njia yenye mawe na uiache ya majani.

Masika ya huku na wakati wa kiangazi kuna kitu kingine, ukungu wa baharini ambao wenyeji huuita haar. Hewa ya joto ikipita juu ya maji baridi ya Bahari ya Kaskazini huganda kuwa ukungu, na upepo wa mashariki huusukuma mpaka mjini. Unaweza kukikuta kilele kimefunikwa wakati mtaa wako una jua. Ukitazama upande wa bahari ukaona ukuta mweupe umelala juu ya maji, mpango wa kilele uuache siku hiyo. Zunguka maziwa yaliyo chini.

Mavazi na begi

Geuza kiatu chako uangalie soli. Kama meno yake yamesagika, kiatu hicho hakifai, hata kama ni cha bei mbaya. Kiatu chochote chenye soli yenye meno na kinachobana kisigino kinatosha. Huhitaji buti la kupandia milima mirefu. Usiende dukani kununua kipya kabla ya kupita kwenye maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani, ambayo yamejipanga Nicolson Street na Clerk Street. Viatu na makoti mazuri hupatikana humo kwa bei ya mwanafunzi.

Mwilini vaa tabaka tatu nyepesi badala ya koti moja zito. Ndani kabisa fulana ya michezo isiyo ya pamba, kwa sababu pamba hunywa jasho na kulikumbatia. Juu yake sweta. Mwisho koti lisilopitisha upepo wala mvua, lenye kofia inayokazwa kwa kamba. Wakati wa kupanda lifungue au livue, ukifika juu livae kabla hujahisi baridi. Jinzi ikilowa haikauki siku nzima. Mwavuli uache chumbani. Upepo wa Edinburgh huigeuza miavuli ndani nje hata barabarani, sembuse huko juu. Kuanzia Oktoba ongeza kofia ya sufu na glavu.

Anayevaa baibui au gauni refu, avae suruali ndani na alifunge juu kidogo kwa mkanda. Kwenye ngazi za mawe hatari ni kukanyaga pindo, na kileleni upepo hulijaza kama tanga. Hijabu ya kuvalia kichwani hukaa vizuri kuliko mtandio wa pini.

Begini weka maji nusu lita, kitu cha kutafuna, tochi ndogo na pawabanki. Tochi iwe yake peke yake, isiwe ya simu, maana baridi hula chaji: simu yenye asilimia 30 inaweza kuzima ghafla, na hapo unakuwa umepoteza taa, ramani na mawasiliano kwa mpigo mmoja. Kabla ya kutoka mwachie mtu ujumbe: unapita njia gani, utarudi saa ngapi.

Choo ni jambo la kuwaza mapema, kwa sababu kilimani hakipo. Jengo la Bunge la Scotland lililo chini ya kilima hupokea wageni bure siku za kawaida, na baada ya kukaguliwa mlangoni unaweza kutumia vyoo na mgahawa wake. Jumapili hufungwa.

Kufika Holyrood

Kutoka Waverley ni mwendo wa dakika 15 hadi 20 kwa miguu: panda mpaka Royal Mile, kisha uifuate ikiteremka mpaka mwisho, sehemu inayoitwa Canongate. Ukitaka basi, gusisha kadi ya benki kwenye mashine unapopanda. Ukilipa kwa sarafu ziwe kamili, kwa sababu dereva hatoi chenji. Na kama hujatimiza miaka 22 na unaishi Scotland kwa masomo, omba mapema kadi ya Young Scot. Tangu Januari 2022 wenye kadi hiyo hupanda mabasi bure Scotland nzima, na mwanafunzi wa kigeni hakubaguliwa. Wengi huijua habari hii wakiwa wameshatumia muhula mzima wa nauli.

Njia ya kupanda

Bustani ya Holyrood ina ekari 640 hivi na njia nyingi zinazokatana. Ukiifungua ramani ya simu itakuchorea mstari mfupi zaidi, na mstari mfupi kwenye kilima kwa kawaida ndio mkali zaidi. Kwa mara ya kwanza tunashauri upande kutoka kaskazini kupitia bonde la Dry Dam na ushuke mashariki kwenye ziwa la Dunsapie. Ni mzunguko, huoni kitu kilekile mara mbili, na mteremko wa kushukia ni mpole kuliko wa kupandia. Magoti yako yatashukuru.

Mwisho wa Canongate, Bunge likiwa kulia kwako na kasri la Holyroodhouse mbele yako, kata kulia upite katikati yao mpaka ukutane na barabara ya Queen's Drive. Vuka kwa uangalifu. Magari hapa huja kutoka upande usiouzoea ikiwa umetoka nchi ya kuendesha kulia. Aliyetoka Tanzania, Kenya au Uganda hana shida hiyo. Kisha geuka kushoto, kilima kikiwa kulia kwako. Baada ya dakika 10 hivi utaona ziwa dogo lenye mabata maji, St Margaret's Loch, na juu yake ukuta uliobomoka wa kanisa la St Anthony. Ziwa hilo si la asili. Lilichimbwa karne ya 19 wakati Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alipokuwa akiitengeneza bustani.

Panda mpaka kwenye gofu la kanisa. Hapa ndipo pa kujipima. Kama umefika huku unahema kiasi cha kushindwa kusema sentensi nzima, ulianza kwa kasi. Kaa dakika tano. Kama upepo hapa tayari unakusukuma, juu utakuwa mara mbili, na pazuri pa kugeuzia ni hapahapa.

Kutoka kanisani fuata bonde la nyasi linaloelekea kusini. Hilo ndilo Dry Dam. Kilele kinakaa mbele yako muda wote, kwa hiyo si rahisi kupotea. Kosa la kawaida humu ni kukata kona kwa kupita kwenye nyasi. Kila anayekata kona huongeza mfereji mmoja wa maji, mvua ikija huubomoa, na njia inaoza. Baki kwenye njia iliyokanyagwa hata kama ina mawe.

Juu ya bonde utafika kwenye bega la kilima, na njia nyingine itaungana nawe ikitokea kushoto, upande wa mashariki. Simama hapa. Geuka, piga picha ya njia hiyo ya mashariki kama utakavyoiona ukishuka, maana ndiyo utakayoshukia. Mahali huonekana tofauti ukipaendea na ukipatoka. Picha hii moja itakusaidia kuliko picha zote utakazopiga kileleni.

Kutoka begani mpaka kilele ni dakika chache tu, ila ndizo za kuangalia kuliko zote. Udongo unaisha, unabaki mwamba mtupu wa basalti. Nyayo za vizazi na vizazi zimeusugua mpaka baadhi ya sehemu zinang'aa kama sakafu iliyopigwa nta, na sehemu hizo huteleza hata siku ya jua kali. Usikanyage panapong'aa. Tafuta penye ufa au panapokwaruza, weka soli yote chini badala ya ncha ya vidole, na usione haya kutumia mikono. Viungo vitatu viwe vimeshika mwamba wakati cha nne kinasogea. Mwamba ukiwa umelowa au una barafu, ishia begani. Mandhari ya pale ni karibu yaleyale, na hakuna anayekudai kugusa nguzo ya kileleni.

Ukiwa juu

Kileleni kuna nguzo nyeupe ya wapima ramani, na karibu yake kibao kinachoonyesha majina ya maeneo kwa pande zake. Wikiendi watu hupanga foleni kupiga picha kwenye nguzo. Simu ishike kwa mikono miwili.

Sasa tumia robo saa kujifunza mji, kwa sababu hili ndilo lililokuleta. Tazama magharibi uipate ngome ya Edinburgh juu ya mwamba wake. Kutoka hapo vuta jicho kushoto mpaka uone jengo refu la mraba karibu na uwanja mpana wa nyasi. Jengo ni 40 George Square, uwanja ni Meadows, na eneo hilo ndilo kitovu cha Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikosoma Julius Nyerere kati ya 1949 na 1952. Endelea kushoto, kusini-magharibi, uone Blackford Hill na kuba za kijani za kituo cha kutazama nyota. Kushoto kidogo ya hapo ni King's Buildings, wanakosomea watu wa sayansi na uhandisi. Milima iliyo nyuma zaidi ni Pentland. Kaskazini ni bandari ya Leith na ghuba la Forth, ng'ambo yake Fife. Kaskazini-magharibi, siku isiyo na ukungu, yanaonekana madaraja matatu ya Forth: jekundu la treni la 1890, la 1964, na Queensferry Crossing la 2017. Mashariki ni ufukwe wa Portobello, na mbali zaidi kilima chenye ncha, North Berwick Law. Mtu aliyeyapanga haya kichwani hapotei tena mjini, kwa sababu karibu kila mtaa mrefu una upande mmoja unaoonyesha ngome au kilima hiki.

Ukiwa juu saa saba kamili mchana, elekeza macho kwenye ngome. Tangu 1861 hupigwa mzinga saa hiyo kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi. Kilele kiko kilomita mbili na nusu hivi kutoka ngomeni, kwa hiyo moshi huuona kwanza na mlio hukufikia sekunde saba baadaye. Mgeni asiyejua hudhani kuna mlipuko.

Unachokikalia ni masalia ya volkano iliyozimika, yenye miaka takriban milioni 340. Mwamba wa ngome nao ni kizibo cha volkano ya enzi hizohizo. Kati yako na mji kuna ukuta mrefu wa mawe, Salisbury Crags, ambako James Hutton, mwana wa Edinburgh aliyeishi 1726 hadi 1797, aligundua kwamba mwamba mgumu ulijipenyeza ukiwa moto na wa majimaji katikati ya matabaka ya zamani zaidi. Kutokana na uchunguzi wa aina hiyo alijenga hoja kwamba dunia ni kongwe kupita kiasi kilichoaminiwa wakati wake. Wanaosoma jiolojia huletwa hapa mpaka leo.

Kushuka

Kanuni ni moja: ngome iwe mgongoni, ziwa la Dunsapie liwe mbele. Maana yake unashuka mashariki. Upande huo ndio wenye mteremko mpana wa nyasi unaokupeleka taratibu mpaka barabarani. Magharibi na kusini kuna miporomoko mikali na genge, na kutoka juu huvioni. Unachokiona ni nyasi zinazoinama vizuri, kisha mji. Macho hudanganya kwamba nyasi zinafika mpaka mjini. Watu hufuata kijinjia kilichokanyagwa na mwingine aliyepotea, wakajikuta kwenye korongo la Gutted Haddie, mawe yakikimbia chini ya miguu, kurudi juu hawawezi na kushuka wanaogopa. Ukijikuta mahali ambapo lazima ushuke kwa makalio na hukumbuki kupapita, umekosea upande. Rudi juu ungali na nguvu.

Ukungu ukikukuta kileleni, usiondoke kwa kubahatisha. Kaa, vaa kila ulichobeba, subiri. Mara nyingi hufunguka kidogo kwa dakika chache. Usipofunguka, fungua dira ya simu, elekea mashariki kuanzia begani, ile picha uliyopiga ikiwa mkononi.

Kwenye nyasi shuka kwa hatua fupi, magoti yamelegea, ukikata mteremko kwa mshazari badala ya kwenda moja kwa moja. Hapa ndipo vifundo vya miguu huteguka, na sababu ni ileile kila mara: mtu amechoka, anaona barabara, anaanza kukimbia.

Dakika 20 hadi 30 zinakufikisha Dunsapie. Ukikata kushoto, barabara inateremka mpaka St Margaret's Loch na kukurudisha Holyrood. Ukikata kulia, utazunguka kusini, ziwa la Duddingston likiwa chini yako, mpaka upande wa Pollock Halls. Wanaoishi kwenye mabweni hayo huwa wamefika nyumbani. Basi halipiti ndani ya bustani, kwa hiyo acha nguvu kidogo kwa mwendo huo wa mwisho.

Wakazi wa Pollock wataona kuna njia iliyo karibu nao zaidi, Piper's Walk, inayopanda kwa ngazi za mawe upande wa kusini-magharibi. Ni fupi na nzuri matope yakizidi, lakini ni kali. Ipande mara ya pili, na usiitumie kushukia mawe yakiwa yamelowa.

Mahali pa kukaa mbali

Chini ya Salisbury Crags kuna njia inayoitwa Radical Road, iliyotengenezwa na wafumaji waliokosa kazi baada ya machafuko ya 1820. Ilifungwa 2018 mawe mengi yalipoporomoka juu yake. Ukikuta uzio au lango limefungwa, usiruke, hata ukiona wengine wanaruka. Mwamba umepasuka wima. Maji huingia kwenye nyufa, yakiganda hutanuka na kuusukuma, ndipo jiwe linaachia bila onyo. Juu ya Crags unaweza kutembea, ila kaa mita kadhaa kutoka ukingoni. Nyasi za ukingoni mara nyingine zimening'inia hewani bila mwamba chini yake.

Moto na kuchoma nyama ni marufuku. Vile vichaka vya miiba vyenye maua ya njano hushika moto upesi vikiwa vikavu, na kilima hiki kimeshaungua mara nyingi. Kulala kwenye hema hairuhusiwi, wala kurusha droni bila kibali cha Historic Environment Scotland, wanaosimamia bustani.

Ukiumia au ukinasa

Piga 999 au 112, omba polisi, waambie unahitaji uokoaji wa milimani, taja Arthur's Seat na upande uliopo: unaona ngome, ziwa au bahari? Swali hilo ndilo watakalokuuliza. Hulipishwi. Kama kuzungumza Kiingereza kwa simu ukiwa na hofu kunakutia shaka, au mtandao ni dhaifu, unaweza kutuma ujumbe mfupi kwa 999, lakini sharti uwe umejisajili kabla: tuma neno register kwenda 999 na ufuate maelekezo. Fanya leo ukiwa chumbani. Kwa kifundo kilichoteguka ambacho bado unakikanyagia, shuka polepole, kisha piga 111 wakuelekeze kituo cha kwenda.

Mara ya pili

Kilima hubadilika na majira. Asubuhi ya tarehe 1 Mei watu hupanda kabla ya jua kuchomoza kunawa uso kwa umande, desturi ya kale ya mji huu. Jua hilo huchomoza karibu saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa hiyo tochi ni lazima na wenzako ni lazima. Na siku ambayo upepo umekukatalia kabisa, nenda National Museum of Scotland, Chambers Street, bure, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Ulizia majeneza madogo ya Arthur's Seat. Mwaka 1836 wavulana waliokuwa wakiwinda sungura waliyakuta 17 yamefichwa kwenye upenyo wa mwamba wa kilima hiki, kila moja na mwanasesere wa mbao aliyevishwa nguo ndani yake. Yamesalia manane, na hakuna ajuaye aliyeyaweka.